Jicho la Mizani

Bwana Chinguile alikaa kwenye stuli
kama gunia lililoshonwa mdomo,
mikono magotini, koti la harusi ya mwanawe
likimbana makwapani.
Nikamwambia, legeza mabega, baba.
Akalegeza moja.

Studio yangu ipo Mkuti, hapa Masasi:
chumba kimoja, pazia la buluu, feni inayolalamika,
na dirisha ambalo saa nne asubuhi
hupokea mwanga uliokwisha kugonga mawe ya Mtandi
ukarudi mpole.
Nilipiga kumi na tisa. Nikachagua ya saba.

Usiku nikakaa na kompyuta.
Nikaliosha paji la uso. Nikafuta mstari,
nikafuta na wa pili, maana kufuta kuna utamu wake,
ukianza huachi, kama kutafuna karanga.
Mashavu nikayapaka mwanga ambao jua halikuyapa.
Jicho la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia;
nikalivuta, nikalipanua,
mpaka yakalingana
kama vifungo vya shati jipya.
Nikalala nikijisifu.

Asubuhi Fundi Mnonjela alikuja kuazima betri.
Yeye ni wa enzi za filamu, alirekebisha negativu
kwa penseli iliyochongwa ikawa sindano,
pumzi ameibana.
Akaitazama skrini, akasogea, akarudi nyuma
hadi mgongo ukagusa mlango.
"Ukosi umekaa vizuri," akasema.
"Kivuli cha pua usikiguse, ndicho kinachosimamisha uso.
Ila ngozi umeisugua mno, binti.
Mtu si sufuria."
Akachukua betri, akaenda zake.

Niliudhika. Nani haudhiki?

Mchana akaja Bi Somoe, mke wa mwenye sura,
kitenge chake kikinuka moshi wa maganda ya korosho.
Akaishika nakala ya majaribio kwa ncha za vidole
kama anayeshika barua ya mtu mwingine.
Akanyamaza. Feni ikalalamika kwa niaba yake.
"Kapendeza," akasema.
Kisha: "Nani huyu?"

Akanieleza, bila kunikaripia:
misimu thelathini na miwili mumewe
amesimama ghalani mbele ya mizani ya chama,
jicho la kulia kalifumba, la kushoto kalibana
juu ya mshale unaotetemeka,
hatamki namba mpaka utulie,
na mkulima aliyetoka Chiungutwa na gunia lake
hajapunjwa hata nusu kilo.
"Lile jicho hakuzaliwa nalo dogo," akasema.
"Limefanya kazi."

Nikaifungua upya ile ya saba, mbichi, kama ilivyotoka kwenye kamera.
Lakini kurudisha si kuacha.
Mistari ikarudi, na mahali pake;
uzi uliochomoza kwenye ukosi nikauondoa.
Pazia nikalitia giza kidogo lisishindane naye.
Kivuli cha pua sikukigusa (nilikuwa nimekigusa).
Ukingo wa chini nikaukata stuli isionekane,
na chini ya jicho lile dogo
nikainua mwanga kwa kiasi cha chumvi ya kuonja, basi,
ili anayetazama ajue kuna mtu mle ndani
anasoma.
Nikamwita Fundi. Akatazama, akarudi hadi mlangoni.
"Bega moja liko juu," akasema.
Nikamwambia ndivyo alivyokaa.
"Basi liache."

Bwana Chinguile alikuja Ijumaa.
Akaisogeza picha dirishani, akaiweka mbali na uso,
akafumba jicho la kulia.
Akangoja, sijui nini, labda itulie.
"Hii imetimia," akasema.
Halafu akauliza bei,
akaniomba nipunguze elfu mbili,
nami, niliyemwongezea jicho bila kuulizwa
na nikamrudishia bila kudai,
nikapunguza moja.